Farrokh wa Unguja, Remmy wa Kindu: nani wa kwetu?

Wadau, leo naandika habari za mwanamuziki ambaye wengi wenu mmeshaimba nyimbo zake uwanjani au kwenye sherehe bila kujua kwamba alizaliwa Unguja. Namzungumzia Freddie Mercury, mwimbaji, mtunzi na mpiga piano wa bendi ya Queen ya Uingereza. Wazungu wameshaandika vitabu vingi juu yake. Mimi nataka nimtazame nikiwa nimekaa Usoke, maana ukimtazama kutoka huku bara anabadilika kidogo.

Kwa wasioijua, Usoke ni stesheni ya reli ya kati. Ukitoka Tabora kwenda Kigoma unaipita kabla hujafika Urambo. Tumbaku, asali, miembe, vumbi. Ndiko kwetu. Reli yenyewe Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini kabla ya reli kulikuwa na njia ya misafara. Ilianzia Unguja, ikavuka bahari hadi Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, ikaendelea magharibi hadi Ujiji, halafu ikavuka ziwa kuingia Manyema. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Tabora Novemba. Zaidi ya miezi minne kwa miguu! Pembe za ndovu na watumwa walishuka pwani, nguo, shanga na bunduki zikapanda bara, na Kiswahili kikapanda nazo. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa babu zetu Wanyamwezi.

Ndiyo maana wazee wa pwani walisema zumari likipigwa Unguja hucheza walioko Maziwa Makuu. Sisi wa Usoke tuko katikati ya msemo huo. Sasa swali langu ni hili: lilikuwaje zumari kubwa kuliko yote lililowahi kutoka Unguja likasikika London, Rio de Janeiro na Tokyo, halafu lisisikike huku kwetu?

Tuanze mwanzo.

Septemba 5, 1946, katika hospitali ya serikali mjini Unguja, alizaliwa mtoto wa kiume akaitwa Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha wa mahakama kuu ya serikali ya kikoloni. Mama yake aliitwa Jer. Dada yake, Kashmira, akazaliwa mwaka 1952. Walikuwa Waparsi, waumini wa dini ya Zoroaster, na jina lao la ukoo linatokana na mji wa Bulsar huko Gujarat, India. Maisha hayakuwa mabaya: mshahara wa serikali, yaya wa mtoto, bahari mlangoni.

Mwaka 1955 hivi, akiwa na miaka minane, Farrokh akapakiwa melini kwenda shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani, milimani karibu na Bombay. Hapa naomba msimame kidogo. Leo tunaona mtoto wa Unguja kusoma Bombay ni jambo la ajabu, lakini wakati ule Bombay ilikuwa karibu na Unguja kuliko Tabora. Siti binti Saad, mama wa taarab, alipotaka kurekodi santuri mwaka 1928 alikwenda wapi? Bombay. Kwa hiyo mwimbaji wa kwanza mkubwa wa kisiwa kile na mwimbaji wake maarufu kuliko wote duniani walisafiri njia moja, mmoja kwenda kurekodi, mwingine kwenda shule.

Huko Panchgani ndiko alikoanza masomo ya piano. Alifika daraja la nne, kwa vitendo na kwa nadharia, halafu hakuendelea sana na mitihani. Ndiko pia wenzake walikoanza kumwita Freddie, na mwaka 1958, akiwa na miaka 12, akawa mpiga piano wa kibendi cha wanafunzi kilichoitwa The Hectics. Angalieni hilo: alianza kama mpiga kinanda wa pembeni, siyo mwimbaji wa mbele.

Akarudi Unguja mwaka 1963. Alikuta kisiwa kinachemka.

Uchaguzi wa Julai mwaka huo ulikuwa umeacha kidonda. Chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, serikali ikaundwa na vyama vilivyoungana dhidi yake. Uhuru ukaja Desemba 10, Sultani akiwa bado kwenye kiti. Januari 12, 1964 yakatokea Mapinduzi. Maelfu waliuawa, wengi wao wenye asili ya Kiarabu na wengine wa asili ya Kiasia. Sultani Jamshid akakimbilia Uingereza, na mwaka huohuo familia ya Bulsara nayo ikafunga mizigo. Walifikia Feltham, kitongoji kilicho karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Freddie alikuwa na miaka 17.

Kuna jambo moja kuhusu Mapinduzi yale ambalo huwa linanisumbua kila nikisoma habari hizi. Shirazi ni nini? Ni Shiraz, mji wa Uajemi. Waafrika wengi wa visiwani walijiita Washirazi kwa kudai kwamba mababu zao walitoka huko, na chama kilichopindua serikali kilibeba jina hilo. Na Mparsi ni nani? Ni mtu ambaye mababu zake walitoka Uajemi zaidi ya miaka 1000 iliyopita wakahamia Gujarat. Neno lenyewe Parsi linatokana na Pars, jimbo ambalo mji wake mkuu leo ni huohuo Shiraz. Kwa maana hiyo, kwenye karatasi, kijana Farrokh alikuwa Mshirazi kuliko Washirazi wote wa Unguja. Haikumsaidia kitu. Mwaka 1964 jina hilo lilikuwa halimaanishi tena ulikotoka. Lilimaanisha uko upande gani, na mtunza fedha wa mahakama ya mkoloni alijua yuko upande gani hata kama hajaulizwa.

Na msidhani wangebaki wangekuwa salama tu baada ya vumbi kutulia. Mwaka 1970 wasichana wanne wa Unguja wenye asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi. Mwaka huo Kashmira Bulsara alikuwa na miaka 18.

Haya, Uingereza. Kijana akasoma chuo cha sanaa cha Ealing, akahitimu uchoraji wa picha na matangazo mwaka 1969. Alibeba mizigo Heathrow ili apate nauli na chakula. Akaimba kwenye bendi mbili tatu ambazo hazikwenda popote. Mwaka 1970 akajiunga na Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga ngoma. Bendi yao iliitwa Smile. Yeye akasema iitwe Queen. Nembo yake, yenye simba, kaa na ndege mkubwa, aliichora mwenyewe, ile elimu ya Ealing ikapata kazi. Bulsara akaligeuza kuwa Mercury. John Deacon, mpiga besi, akaingia mwaka 1971 na kikosi kikatimia. Miaka 20 iliyofuata hawakubadilisha mtu hata mmoja, jambo ambalo kwa sisi tuliozoea bendi za Bongo zinazohamana wanamuziki kila Pasaka na Krismasi ni la kustaajabisha.

Sasa niseme kuhusu kazi yake, maana ndiyo sababu ya yote haya. Watu wengi wanakumbuka masharubu na ile fimbo ya kipaza sauti, wanasahau kwamba yule alikuwa mtunzi wa kwenye piano. Brian May alitunga kwa gitaa, na ule wimbo wa kupiga miguu na makofi ambao viwanja vyote vya mpira vinaupenda ni wake May, siyo wa Freddie, mara nyingi watu wanachanganya. Wa Freddie ni ule wa mabingwa, "We Are the Champions" wa mwaka 1977. Ni wake pia "Killer Queen" wa 1974, "Somebody to Love" wa 1976 na "Don't Stop Me Now". Ukisikiliza utaona zote zimesimama juu ya piano, gitaa linakuja baadaye kama mgeni mwalikwa.

Mwaka 1975 alinunua piano ya Yamaha, ndogo kwa aina ya zile za kulala, akaiweka nyumbani, na hapo ndipo alipomalizia kutunga "Bohemian Rhapsody". Wimbo una dakika sita kasoro sekunde tano. Hauna kiitikio. Unaanza kama kwaya, unakuwa wimbo wa huzuni wa piano, unageuka kuwa kama mchezo wa opera, halafu roki, halafu unazima taratibu. Wakubwa wa kampuni ya santuri walisema redio hazitaupiga kwa urefu ule. Ulikaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa.

Ile sehemu ya kwaya, kwa mtu anayeisikia mara ya kwanza, unadhani ni watu 100. Walikuwa watatu: Freddie, May na Taylor. Waliimba, wakarekodi, wakaimba tena juu ya sauti zao wenyewe, wakahamisha kwenye tepu nyingine, wakaimba tena juu yake, saa 10 hadi 12 kwa siku, wiki tatu. Inatajwa kwamba sauti zilizopandishwa hivyo zilifika 180, mpaka tepu ikaanza kuchakaa kwa kupitishwa mno kwenye mashine. Na katikati ya makelele yale ya opera kuna neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Unguja hulitamka kabla hajagusa chakula. Lisikilizeni wenyewe. Wachambuzi wa Ulaya wameandika kurasa na kurasa kueleza lilitoka wapi. Mimi nadhani mtu aliyekulia Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa.

Wakati huo sisi huku tulikuwa tunacheza nini?

Tulikuwa tunacheza vya kwetu, na vilikuwa vitamu. Tabora ile ilikuwa mji wa muziki hasa. Kulikuwa na Kiko Kids, kulikuwa na Tabora Jazz, kulikuwa na Nyanyembe Jazz waliopiga "Rangi ya Chungwa", wimbo ambao mpaka leo ukipigwa harusini wazee wanaacha soda zao mezani. Hawa walirekodi bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya vipaza sauti vichache. Ukikosea mnaanza upya wote. Magitaa, saksafoni, ngoma. Piano haikuwepo. Piano haibebeki kwenye behewa la daraja la tatu, na huku Unyamwezi chombo cha vibao tulikijua kanisani tu, kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu kilicholetwa na wamisionari. Wamoravian waliingia Urambo mwaka 1898, kwa hiyo vizazi vya hapa vimekua vikijua kwamba vibao vile ni vya tenzi. Mtu avipige akiwa amevaa suruali ya kubana kama ngozi? Thubutu.

Na redio je? Radio Tanzania ya miaka ya 70 ilikuwa ya kujenga taifa. Muda wa muziki ulikuwa wa bendi za nyumbani na kwaya, na mambo ya Ulaya na Marekani hayakupewa nafasi. Muziki wa soul ulikuwa umeshapigwa marufuku Dar es Salaam mwaka 1969. Televisheni bara haikuwepo kabisa mpaka mwaka 1994. Unguja walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 70. Kwa hiyo Julai 13, 1985, wakati watu 72,000 walipojaa uwanja wa Wembley kwenye tamasha la Live Aid la kuchangia wenye njaa Ethiopia, na jamaa akakaa kwenye piano akaanza zile dakika 20 ambazo hadi leo zinatajwa kuwa onyesho bora la roki kuwahi kufanyika, mtu wa Usoke alikuwa amekaa nje na taa ya chemli akisubiri taarifa ya habari. Sukari ilikuwa ya foleni. Hatukumkataa Freddie. Hakutufikia.

Ingawa, kama angetufikia, kuna jambo tungemuuliza. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini, ndani ya Bophuthatswana, kile kijinchi cha bandia cha makaburu. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshatangaza kuwasusia. Waliingizwa kwenye orodha ya wavunja mgomo, na chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawapiga faini. Wao walijitetea kwamba hawafanyi siasa, wanapiga muziki. Lakini mwaka uleule Tanzania ilikuwa inawalea wakimbizi wa ANC na shule yao pale Mazimbu, Morogoro, na kila Mtanzania alikuwa anailipia vita ile kwa namna moja au nyingine. Nyota wa dunia aliyezaliwa Zanzibar anakwenda kuwaimbia makaburu! Wanaotaka kumdai leo kuwa ni wetu, huwa siwasikii wakiligusa hili. Mimi nampenda muziki wake, na kwa hili hakuwa na utetezi.

Sasa nimlete mtu wa pili.

Ukiifuata njia ya misafara kutoka Usoke kwenda upande wa pili, ukavuka Ujiji na ziwa, utafika Manyema, na huko kuna mji wa Kindu. Mwaka 1947, miezi michache baada ya Farrokh kuzaliwa, alizaliwa huko Remmy Ongala. Yaani mmoja mwisho huu wa njia, mwingine mwisho ule. Remmy aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila. Alikuja mkubwa, mwenye lafudhi ya Kikongo, mwenye nywele zile na maneno yale. Hakuna aliyemuuliza asili. Akawa Dokta Remmy, sauti ya wanyonge, na mtaa wa Dar ukapewa jina lake: Sinza kwa Remmy. Konda anaita, watu wanashuka.

Hawa wawili waligusana mahali pamoja tu, na ni mahali pa huzuni. Ukimwi uligunduliwa Tanzania mwaka 1983, Kagera. Mwishoni mwa miaka ya 80 ulikuwa umeshashuka kila mkoa, na Tabora, makutano ya reli, haikupona. Watu walizika wakisema marehemu alirogwa. Mwaka 1990 Remmy akatoa "Mambo kwa Soksi", akawaambia wanaume hadharani watumie kondomu. Redio ya taifa ikakataa kuupiga. Ulienea kwa kaseti, mkono kwa mkono. Freddie, ambaye aliambiwa ana virusi mwaka 1987, alichagua kunyamaza. Aliendelea kurekodi akiwa hoi, akitembea kwa shida. Novemba 23, 1991 alitoa tangazo kwamba ana Ukimwi, na kesho yake usiku akafariki nyumbani kwake Kensington. Miaka 45. Wimbo wake mrefu ukarudi namba moja mara ya pili, fedha zake zikaenda kwa taasisi ya kusaidia wagonjwa wa Ukimwi.

Nikiwapima wawili hawa kwa jambo hilo moja, Remmy alikuwa na ujasiri zaidi, na hakuwa na jumba Kensington la kujifungia.

Unguja walianza kumkumbuka kijana wao kwa sababu ya watalii. Kukawa na mgahawa wenye jina lake karibu na bandari, kukawa na kibao kwenye nyumba ya Shangani. Mwaka 2006 ukaandaliwa usherehekewe mwaka wake wa 60 wa kuzaliwa, na kikundi cha Uamsho kikapinga: mtu aliyekuwa na mahusiano na wanaume hawezi kuwa fahari ya kisiwa cha Kiislamu. Sherehe ikafutwa. Miaka miwili kabla, 2004, Zanzibar ilikuwa imekaza sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Halafu mwaka 2018 ikaja ile filamu, Rami Malek akachukua Oscar kwa kumwigiza, na Novemba 2019 Shangani pakafunguliwa jumba la makumbusho la Freddie Mercury. Dola za watalii zilishinda ule mjadala bila mtu kuumaliza. Mitaa ileile ndiyo yenye nyumba ya Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa Tabora akaoa binti wa mtemi. Hivyo mtalii anaweza kuanza asubuhi na mfanyabiashara wa watumwa wa njia yetu, akamaliza jioni na mpiga piano.

Likizo iliyopita nilimwekea wimbo ule kwenye simu mzee mmoja wa hapa Usoke, mstaafu wa reli. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mjukuu wangu, nikakaa. Akasikiliza hadi mwisho, macho chini.

"Huyu Mzungu ana kwaya nzuri," akasema.

"Siyo Mzungu, babu. Amezaliwa Unguja."

"Mtoto wa nani?"

Nikamweleza: baba karani wa mahakama, Mparsi, asili India. Akafikiri.

"Kiswahili alikuwa anaongea?"

Hapo nikakwama kidogo. Nikamwambia kwenye nyimbo zake hakuna.

"Basi huyo alipita tu," akasema. Halafu mwenyewe akaanza kunisimulia habari za Mhindi aliyekuwa na duka karibu na stesheni, aliyenunua asali na kuuza kanga, akaondoka baada ya serikali kutaifisha majumba mwaka 1971. "Yule alikuwa anaongea Kinyamwezi kuliko wewe. Watoto wake tumecheza nao. Siku wanapanda treni, mama yangu alilia."

"Yule alikuwa wa hapa, babu?"

"Sasa angekuwa wa wapi?"

Nimelifikiria sana jibu hilo. Ukipiga hesabu, Freddie aliishi Unguja chini ya miaka 10: minane ya utotoni na mwaka mmoja hivi kabla ya Mapinduzi. Remmy aliishi Tanzania zaidi ya 30. Mzee ana haki kupima kwa lugha na kwa miaka. Lakini Mhindi wa dukani alikuwa na lugha na miaka, na bado alipanda treni. Farrokh hakupita tu, babu. Alitolewa, kama alivyotolewa yule wa dukani, na pengine ndiyo maana hakupenda kuzungumzia Unguja kwenye mahojiano. Mtu hasimulii kwa furaha nyumba aliyofukuzwa. Mimi namwita Mzanzibari, Sun City na yote, kwa maana ileile ambayo mzee anamwita mwenye duka wa hapa. Kumdai kwa ajili ya kuuza tiketi bila kutaja Januari 1964, hiyo ndiyo siiwezi. Niliwahi kumpelekea mhariri mmoja makala hii, akaniuliza ina habari gani ndani yake. Sikumlaumu, alikuwa na kurasa za siasa za kujaza.

Ile piano ya Yamaha iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's, London, Septemba 2023, kwa pauni milioni 1.7. Aliyeiuza ni Mary Austin, mwanamke aliyeishi naye miaka ya mwanzo na ambaye Freddie alimwachia nyumba na sehemu kubwa ya mali.

Huku Unyamwezi mtu akifa ugenini swali la kwanza ni kaburi liko wapi, maana ukijua kaburi umejua kwao. Remmy alifariki Desemba 2010 akazikwa Dar es Salaam. Mwili wa Freddie ulichomwa London baada ya ibada ya dini ya wazazi wake, na majivu akakabidhiwa huyohuyo Mary Austin ayaweke mahali ambapo wawili hao tu walikubaliana. Hajawahi kupataja.